Dungu la Juu, Dungu la Chini

Mikumi, 3 Februari 2025

Dada Debora,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta palizi imeisha na mgongo haukusumbui. Mimi mwili hauna neno, ila koo. Ndiyo maana umenipigia mara nne sipokei. Siyo jeuri. Daktari amenikataza kuongea, hata kunong'ona, mpaka siku ya upasuaji, tarehe 24 mwezi wa tatu. Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Ameniambia bila kuzunguka: wataukata, nitapona, lakini kuimba nisahau. Na kuongea kwenyewe kutakuwa kwa mtu mwenye mafua yasiyoisha.

Huku watu wanacheka tu. Mwenye baa ninakopiga gitaa amebandika karatasi mlangoni: "Elia yupo, ila ameishiwa salio." Madereva wa malori wakishuka wanaomba ule wimbo wa ndege. Napiga gitaa, wanaimba wao. Nimetunga nyimbo arobaini na kitu, dada, na miaka kumi na sita sasa wanataka huo huo mmoja.

Nami siwalaumu, maana kuimba kwangu kote kulianzia pale shambani. Wewe umepanda dungu la juu, kwenye kichuguu, mimi dungu la chini karibu na mto, vile vichanja vya fito, tunaamia mpunga wa baba ndege wasiule. Naita: "Dada wa dungu la juu, upo?" Na wewe unajibu: "Nipo, nipo, na mpunga upo!" Ndege wanaruka wote. Na siku nikiwa na mafua sauti haitoki, nagonga debe mara mbili, ujue nipo, sijalala, sijaanguka mtoni.

Ule wimbo wa ndege wa redioni aliitikia binti wa kukodi. Aliimba vizuri, lakini hajawahi kufukuza ndege maisha yake, na inasikika.

Sasa nimetunga wa mwisho. Ni wa kuitana, kama zamani: mimi nauliza, wewe unajibu. Yared, fundi wa studio kule Morogoro, amenipa tarehe 21 Machi, siku tatu kabla ya kisu. Nilimwandikia daktari kwenye karatasi kwamba nahitaji siku moja tu ya kuimba. Akasema hiyo siku nimejipa mwenyewe, siyo yeye.

Njoo uitikie, dada. Mara hii usikatae. Jibu mpe Bonifas wa ndizi siku ya gulio, ataniletea.

Mdogo wako,
Elia


Kijiji cha Ulaya, Kilosa, 11 Februari 2025

Mdogo wangu Elia,

Marahaba baba. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Sisi huku Mungu ametushika, mvua ipo, mpunga unapendeza. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Pole sana na koo. Kila alfajiri nikipiga magoti jina lako linatangulia, hata kabla ya Happiness ambaye nimemzaa. Bonifas nimempa chupa ya asali, uchanganye na maji ya uvuguvugu, usichanganye na kitu kingine, unanielewa. Na huyo mwenye baa mwambie nitakuja mwenyewe nimbandulie karatasi yake, halafu nimwulize kama mama yake alimfundisha kucheka wagonjwa.

Kuhusu kuimba. Elia, sitaweza kuja. Naomba usiniulize kwa nini. Ukiniambia nije nikupikie, nikufulie, nilale sakafuni hospitalini, naja kesho. Ila hilo sitaweza.

Nakuombea.

Dada yako,
Debora


Mikumi, 15 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Asali imefika, asante.

Sikuulizi, maana jibu ninalo tangu mwaka 2009. Nilikuja na gari na fundi wa studio ili uitikie ule wimbo wa ndege, ukaingia kanisani ukafunga mlango. Tulikaa nje tangu saa nne mpaka saa tisa, watu wa Ulaya wakipita wanatutazama kama tumekuja kutaifisha kengele. Fundi akaniuliza, "Huyu ni dada yako kweli?"

Nilielewa. Mama wa kwaya haimbi na mtu wa baa. Pombe nimeacha mwaka wa sita huu, lakini naona hilo halikufuta kitu. Ndiyo maana miaka ile yote nilikuwa nakuja misiba na harusi tu, nakula naondoka.

Nimekuomba mara mbili maishani. Ya tatu haipo.

Elia


Ulaya, 16 Machi 2025

Elia mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Salamu za kwangu hazina idadi. Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nimeiweka ndani ya Biblia, nikifungua inaniangukia. Umeandika "Elia" tu chini, hukuandika "mdogo wako". Hilo ndilo lililonilaza kitandani siku mbili, wakasema malaria.

Ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata marehemu mume wangu.

Mwaka 2008 Happiness alikuwa na miaka saba. Unakumbuka alilazwa, malaria ikampanda kichwani. Siku ya tatu alikuwa hanitambui. Mimi nina nini cha kumpa Mungu? Ng'ombe sina. Shule yangu ni darasa la saba. Kitu kimoja tu watu walikuwa wananisifia, sauti. Nikamwambia: Bwana, niachie huyu mtoto, na sauti yangu yote iwe yako, sitaimba tena wimbo wa dunia, na sitajisifia ahadi hii kwa mtu yeyote. Asubuhi Happiness akafumbua macho akaomba ubuyu. Ubuyu, Elia! Nesi akacheka, mimi nikalia.

Miezi minane baadaye ukaja na gari.

Ningesema nini? Ningekuambia, ningevunja nusu ya ahadi. Ningeimba, ningevunja yote. Na nilijua nikikaa mbele yako dakika tano utaniangalia kwa yale macho, nami nitaimba. Ndiyo maana nikafunga mlango. Ulikuwa unafikiri nimekaa ndani nakudharau. Nilikuwa sakafuni nyuma ya viti vya kwaya, nimejaza kanga mdomoni. Maana ulisimama dirishani ukaita, kwa ile sauti yetu: "Dada wa dungu la juu, upo?" Uliita mara tatu. Elia, nilikuwepo.

Wimbo ulipotoka niliusikia mara ya kwanza ndani ya basi, natoka Kilosa. Yule binti akajibu "nipo, nipo" mahali pangu. Nilishuka kabla ya kituo changu nikatembea kwa miguu.

Juzi nilimwendea Mchungaji Lukasi, nikamweleza, ili kama nimekosa kukuambia anionyeshe. Akaniuliza, "Mama Happiness, miaka yote hii dunguni ndege unawafukuza kwa kitu gani?" Nikasema kwa debe, mchungaji. "Miaka kumi na saba, debe tu?" Debe tu. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, akasema nadhiri yangu hataifungua yeye, lakini ndugu yangu amekaa nje ya mlango muda mrefu mno, nimfungulie. Basi nimekufungulia. Kuimba siwezi. Ila usiende kwenye kisu ukidhani sikupendi.

Dada yako wa dungu la juu,
Debora


Ulaya, 23 Machi 2025

Elia,

Bonifas anasema alikukosa. Chumba kina kufuli, jirani kamwambia umeshakwenda Morogoro na gitaa lako, na kutoka huko unaunganisha hospitalini. Ile barua ameisukuma chini ya mlango. Ipo pale sakafuni, na kisu ni kesho.

Simu yako imezimwa. Hii nayo naandika ya nini, sijui. Naiandika ili mkono usikae bure.

Dada


Mikumi, 27 Aprili 2025

Dada Debora, shikamoo,

Nipo hai. Nianze na hilo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kwa maana ya madaktari. Sauti imeondoka kama walivyosema. Nikijaribu kuongea natoa kitu kama mlango wa bati. Jana muuza vocha aliniambia, "Mzee, njoo na barakoa."

Nimerudi juzi, nikafungua mlango, nikakanyaga barua zako mbili.

Nilikaa palepale kizingitini mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikaandika kwenye daftari langu: "Hapana, nimefufuliwa mtu." Akaondoka anatikisa kichwa. Miaka kumi na sita nimemchukia mtu ambaye alikuwa sakafuni na kanga mdomoni. Nisamehe, dada. Na Happiness yule yule amekuwa akinitumia salamu kila Krismasi, nami namjibu kwa neno moja.

Sasa nikueleze ya studio. Tarehe 21 niliimba. Sauti ilitoka yote, sijui ilikuwa imejificha wapi. Yared alikuwa ameniandalia binti wa kuitikia, mpole, sauti kama maji. Akaimba mara moja nikamwomba apumzike. Sikuwa nimeisoma barua yako, dada, bado nilikuwa na hasira na wewe, lakini nilishindwa kumweka mtu tena mahali pako. Nikaimba upande wangu, na mahali pa jibu nikapaacha patupu. Yared akaniambia, "Kaka Elia, wimbo wako una mashimo." Nikamwambia ayaache hivyo hivyo. Anasema redio hazitapiga wimbo wenye kimya ndani yake. Nikamwambia basi zisipige.

Sikuombi uvunje ahadi. Ukiivunja nitakasirika. Nimeutuma kwa simu ya Happiness akuchezee tu. Ndiyo sauti yangu ya mwisho, na nilikuwa nakuita wewe.

Mdogo wako,
Elia


Ulaya, 18 Mei 2025

Mdogo wangu Elia,

Marahaba, marahaba tena. Tumepokea uhai wako kwa shukrani, Jumapili nimetoa sadaka na kuku juu.

Happiness alikuja likizo. Nikamwambia wimbo wa mjomba wako siusikilizii jikoni, twende shambani. Mpunga umeanza kuinamisha kichwa na ndege wamekuja wengi kama moshi. Tukapanda dungu la juu, akaweka simu kwenye fito. Ukaita.

Elia, sauti yako ile! Umeniita kama una miaka tisa na umeita kama mzee, yote pamoja. Kisha ukanyamaza, ukaningojea. Shimo la kwanza lilinipita. Ukaita tena, na mkono wangu wenyewe ukachukua fimbo ukagonga debe mara mbili. Ngo, ngo. Ndege wakaruka shamba zima. Happiness akasema, "Mama, rudia, narekodi."

Debe sikumwahidi Mungu. Nimewaza usiku na mchana, nimemwuliza na Mchungaji Lukasi, akasema debe ni la shamba. Basi nimegonga kwenye mashimo yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa ile namna yako ya siku za mafua. Happiness ameshawatumia wewe na huyo Yared. Kama halifai litupwe. Kama linafaa, waambie aliyegonga ni dada yako.

Dungu la chini nimelijenga upya, fito mpya na nyasi mpya. Lilikuwa limekaa bila mtu tangu ulipoondoka. Debe lake lipo, lina kutu lakini linalia. Tunavuna katikati ya Juni. Njoo kabla. Hakuna atakayekuomba uongee.

Dada yako,
Debora


Ulaya, 7 Juni 2025

Elia mdogo wangu,

Hii naiandikia dunguni, karatasi juu ya goti, usishangae mwandiko. Hujanijibu wiki tatu na magulio mawili yamepita, Bonifas anakuja mikono mitupu, siku hizi akiniona anaanza kuongea habari za bei ya ndizi.

Happiness amepiga simu jana. Anasema wimbo umepigwa redioni Morogoro, na watu wanatuma ujumbe kuuliza hiyo ni ngoma gani inayojibu. Nimecheka peke yangu. Lakini ningependa kuyasikia kwako. Sijui kama debe limekuudhi, au koo limerudia, au umeona ni mbali kwa mtu asiyeweza hata kuuliza nauli.

Majirani wameshavuna, wamebaki ndege wangu tu. Shamba kimya. Nimelitazama dungu la chini asubuhi hii, jua limepiga nyasi zile mpya, nikasema Bwana, mimi sidai sauti yake, nadai

Elia. Kuna mtu amegonga debe kule chini.

Mara mbili.

Nisubiri hapo hapo. Kalamu naiweka, nahitaji mikono.