Marahaba ya Kwenye Kaseti

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka Ujiji. Sisi wazima, na babu yako kashinda mwaloni Kibirizi akikuchagulia dagaa. Nimecheka uliponiuliza, "Bibi, nitafundishaje mtandaoni wanafunzi nisiowaona?" Eti na wahadhiri wenzako wanakwepa. Mbona mimi nilishafanya!

Miaka ile ya wakimbizi, walimu hawakutosha kambini, nikaombwa nirekodi masomo ya Kiswahili kwenye kaseti. Kwenye chumba cha kurekodia tulikuwa mimi na fundi mitambo tu. Nikaanza kama darasani: "Hamjambo watoto?" Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema, "Marahaba! Kaeni." Fundi akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwalimu, nani kakuamkia?" Aibu niliyoona! Nilimwomba afute, lakini gari la kambini lilikuwa linasubiri, kaseti ikaenda hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata nikaenda kambini mwenyewe, nikakaa nyuma ya darasa. Redio ya kaseti ikauliza kwa sauti yangu, "Hamjambo watoto?" Zaituni, walisimama wote! "Hatujambo! Shikamoo mwalimu!" Na redio ikaitika palepale, "Marahaba! Kaeni." Wakakaa! Tangu siku hiyo sikurekodi somo bila kuwaachia nafasi ya kujibu.

Basi Jumatatu washa hiyo kompyuta, wasalimie, unyamaze kidogo. Waambie na wenzako. Ule ukimya usikutishe, mama. Upande wa pili watu wameshasimama.

Bibi yako,
Mwalimu Mwajuma