Maji ya Kara-Balta

Baba,

Nimempata mtu wa Kara-Balta. Ungevumilia kidogo tu, Baba, ungemkuta.

Anaitwa Gulnara. Tunafanya naye kazi ghalani Seven Hills, ameanza juzijuzi. Tulikuwa tunakunywa chai, nikamuuliza kwao wapi, akasema Kirgizistani, kimji ambacho hakuna anayekijua. Nikamwambia mimi nakijua: milima ya theluji kusini, reli kaskazini, na kando ya kila barabara mfereji. Akaweka kikombe chini. Ikabidi nimweleze kwamba baba yangu, Mmachame, alipelekwa huko ujanani kusomea umwagiliaji, na akatuchosha na mji huo mpaka anaingia kaburini.

Maana ulituchosha, mzee wangu. Tangu tuhamie huku ugenini, Merrylands nzima uliigeuza Kara-Balta. Kituo cha treni ndiyo stesheni yao, maduka ndiyo soko lao, shida yako ilikuwa milima tu, hukujua uiweke wapi. Mvua ikikatika, unasimama kando ya barabara kutazama maji yanaelekea wapi. "Mwanangu, kule ukipotea huulizi mtu. Maji yanatoka mlimani, yanakwenda relini. Yafuate." Nami nakuvuta mkono, tutachelewa basi.

Nilipomsimulia Gulnara hayo, akauliza: alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya sufu? Kumbe Gulnara anakaa mtaa wa nyuma yetu, Baba. Miaka yote hiyo yupo hapo. Alikuwa akikuona umeinamia maji, akawaza kwamba hivyo ndivyo wanavyosimama watu wa kwao. Lakini mzee Mwafrika, angeanzaje? Akaona haya, akapita. Na wewe ulikuwa ukimwita "yule mama Mturuki".

Inaniuma sana. Mmepishana kwenye duka la mikate sijui mara ngapi, nawe una mji mzima kifuani na huna wa kumsimulia ila mimi, nisiyesikiliza hata nusu. Gulnara amelia kuliko mimi.

Mwezi ujao anakwenda kumwona mama yake. Nimeomba likizo, nakwenda naye. Milima yako nitaisalimia.

Pumzika, Baba. Siku ya kwanza nitamwacha Gulnara kwao, nitoke peke yangu, nipotee makusudi. Sitamuuliza mtu.

Mwanao,
Aika