Mkamwana wa Mtawala Ernst

Jumanne, 7 Oktoba

Mada yangu ya semina: Mtawala Ernst wa Bavaria, Ujerumani, miaka mia sita iliyopita. Nimemsimulia Baba mezani. Vitani Alling, mwanawe Albrecht alizingirwa na maadui, Ernst akaingia mwenyewe kumtoa. Baba kafurahi. Huyo ndiye mzazi, kasema.

Ndipo kaka yangu Gwakisa akatamka — yeye na Ineza wamefunga ndoa mahakamani, wiki iliyopita. Mama akashika mdomo. Baba akaendelea kula. Mwishowe kasema hakumsomesha mtu ili aje aoe msusi asiye na karatasi za kuishi hapa Marekani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikujua hadithi inaelekea huku. Albrecht naye alioa kwa siri. Agnes, inasemekana binti wa kinyozi. Baba mtu akangoja mwanawe aende kuwinda. Akaamuru mkamwana akamatwe. Wakamtosa mtoni Danube, akiwa hai.

Nimefunga leptopu. 

Baba aliuliza nimefika wapi. Nikamwambia. Hakushtuka. Akauliza tu: na yule kijana, baadaye alifanyaje?

Sijafika huko, Baba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Baba Mdogo Cosmas alimchukua Gwakisa alfajiri, wakaangalie gari mjini Richmond. Saa nne akapiga Laure, mwenye saluni anakofanya kazi Ineza. Analia. Maafisa wa uhamiaji wamemchukua Ineza.

"Kichwa ya mteja iko nusu, dada. Nusu!"

Nikashuka mbio kumwambia Baba. Alikuwa gereji, kanipa mgongo, yuko kwenye simu. Anamwambia Cosmas wakae hukohuko mpaka jioni, huku tayari.

Huku tayari.

Nimerudi juu kimyakimya. Baba yangu. Anayetuombea kila asubuhi.

Jumapili, 12 Oktoba

Gwakisa macho yamevimba. Baba kamkumbatia, kamwombea Ineza kwa jina, kaahidi wakili. Nilishindwa kuitikia amina.

Nimemaliza kusoma. Albrecht alikimbilia kwa adui wa baba yake, watu wakangoja vita. Mwaka uliofuata — wamepatana, kaoa binti wa mtawala mwingine. Ernst akamjengea marehemu kanisa dogo. Basi. Ikaishia hapo.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Gwakisa. Ndani ya gari, nje ya nyumba, neno kwa neno. Nilidhani atapiga kelele. Kazima injini, kisha:

"Nilishajua, Jacky. Laure kasema walikuja na picha yetu ya mahakamani. Ile nilimtumia Baba peke yake."

"Na bado unakula naye?"

"Wakili wa Ineza analipwa na nani?"

Tukaingia. Baba kamwekea finyango kubwa. Kasema rafiki yake wa Maryland atatutembelea Jumapili na bintiye, muuguzi. Gwakisa hakusema hapana. Akaomba pilipili.

Simu yake ikaanza kuita, pale mezani. Namba ya kizuizini. Ineza. Baba akaitazama. Gwakisa akaitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nimepanda chumbani, naandika. Inaita tena.