Mifupa Uliyonisafishia

Papa wangu mpendwa,

Leo nimetoka maabara yetu ya Kasapa na picha mbili za radio, zile zinazoonyesha mifupa ndani ya mwili, kwenye bahasha, na mtu niliyetaka kumwonyesha kwanza ni wewe. Mama amezitazama, akaniuliza kama nimekula.

Unakumbuka ua wetu wa Makomeno, baada ya pikipiki kukuvunja mguu? Daktari alikata kipande cha mfupa kilichooza, akatuambia pengo lile halitajijaza lenyewe. Wewe usiyeweza kukaa bure hata Jumapili, ukaamua kuwa mfanyakazi wangu. Nilikuletea mifupa ya ng'ombe kutoka kwa muuza nyama; unaichemsha, unaikwangua kwa kisu, uboho unaumaliza mwenyewe kwa chumvi. "Hii njo mushahara yangu," ulisema, midomo yote mafuta. Kule maabara mimi na wenzangu tuliichoma kwenye tanuru mpaka ikawa nyeupe kama chaki, tukaisaga, tukaufinyanga unga wake kuwa vipande vya kuziba pengo, vyenye vitundu, ili mfupa hai upate njia ya kupenya. Umeme ukikatika katikati, tunatupa, tunaanza upya. Nawe ulianza upya bila kunung'unika, na kosa langu ni kwamba sikukuuliza kwa nini, ingawa nilikisia.

Asubuhi moja ulifuta kisu kwenye suruali, ukagusa mguu wako, ukasema, "Mwanangu, yangu batanitia siku gani?"

"Papa, haiyapimwa bado. Ata ku mbuzi."

"Mi njo baba yako. Munipimie miye."

Nikakataa. Ulinitazama kama mtu aliyeibiwa. Siku nne hukunisemesha. Maneno yalipitia kwa Mama: mwambie binti yako sahani yangu iko tupu. Siku ya tano nilikuta mifupa imesafishwa na kupangwa kwenye beseni, nawe umegeukia ukuta. Hatukulizungumza tena jambo hilo. Presha ilikuchukua kabla mvua hazijaisha, ukazikwa na pengo lako.

Nilijichukia, Papa. Matangani wajomba walinong'ona kwamba nilikuwa na dawa nikamnyima baba yangu. Nilirudi maabara macho yamevimba, na sijaacha kazi tangu siku hiyo.

Sasa hizi picha. Mbuzi wa kwanza, mfupa wake umeingia ndani ya vitundu vyetu. Anatembea, na anapiga watu pembe bila aibu. Wa pili, kidonda kilitunga usaha, tukatoa kila kitu tulichomtia, na bado tukampoteza. Mikono ni ileile, unga ni uleule. Nimekaa na picha hizi mezani nikijiuliza wewe ungekuwa yupi kati yao.

Kesho tunaanza na mbuzi wengine, mpaka nijue yule wa pili tulimkosea wapi. Inaweza kuchukua miaka, na itachukua, mimi siendi popote.

Nisamehe kwa kukuacha ukwangue mifupa ile yote ukidhani ni ya mguu wako. Ilikuwa kazi yangu kukuambia mapema, nami niliogopa kuona uso wako. Msamaha naomba kwa hilo tu. Ungekuja leo unipe mguu wako tena, Papa, ningekukatalia tena. Ningelia, na ningekukatalia.

Lala salama.

Binti yako wa mifupa