Sauti Yangu Iko Alberta, Mimi Niko Pickering

Bi Khairunissa mpendwa,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimeshindwa kumwambia mtu yeyote hapa nyumbani ninavyoumia. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule Juni hii, naishi Pickering, jirani na Toronto hapa Kanada, na wazazi wangu na Babu Roque, ambaye alihama Nairobi kuja Toronto akiwa na santuri za muziki wa kantri nyingi kuliko nguo, na ndiye aliyetufundisha kuimba, mimi na kaka yangu Brendan. Tumeimba wawili tangu nina miaka tisa, yeye sauti ya kwanza na gitaa, mimi sauti ya pili, kwenye harusi za Wagoa, kumbi za parokia, maonyesho ya wakulima, na mwaka jana tulianza kuitwa redioni. Mimi naogopa watu, kwa hiyo tulitumia maikrofoni moja nikawa natazama sikio lake tu, na zamu yangu ya kuingia ikifika alinigonga kwa kiwiko, miaka yote hiyo sijawahi kuhesabu mapigo mwenyewe.

Januari alihamia Alberta, mbali huko magharibi, kutafuta njia ya muziki, akaniambia, "Esme, maliza shule kwanza, halafu uje." Shule nimemaliza, na hakuna aliyesema njoo. Hunitumia wimbo kwa simu, naingia kabatini katikati ya makoti ya baridi ili kelele za nyumba zisisikike, narekodi sauti ya pili, namrudishia. Katika nyimbo za mwanzo, pale ambapo angenigonga, alikuwa anabisha ubao wa gitaa mara moja, ko, nami naingia, na nilikuwa nacheka peke yangu humo kabatini. Wimbo wa mwisho haukuwa na ile ko.

Wiki iliyopita binamu yetu alinitumia video ya Brendan jukwaani na msichana anaitwa Tanya, kofia nzuri, buti nzuri, anafungua mdomo na inatoka sauti yangu. Nilimwandikia Brendan, akajibu, "Ni kwa muda tu, mpaka Tanya azizoee nyimbo. Si wewe mwenyewe ulisema hupendi kutazamwa?" Nikajibu, "Sawa." Sasa anataka nyimbo nne kabla ya Jumamosi kwa ajili ya tamasha kubwa. Mama anasema, "Mpe kaka yako, mtoto wewe, ukipanda jukwaani unatetemeka kama jeli." Ni kweli natetemeka. Wala sitaki kofia ya Tanya. Nataka kusimama pale pembeni ya Brendan, basi. Nikikataa nyimbo, sitakuwa na chochote kinachotuunganisha. Nikitoa, nitaendelea kuimba nisipokuwapo. Nifanye nini?

Ni mimi, Sauti ya Pili

*

Sauti ya Pili, mwanangu,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nilitamani kumvuta masikio huyo Brendan, hasa hilo ulilolitazama miaka tisa. Kumvalisha mtu mwingine sauti ya dada yako bila kumwuliza ni kosa, hata kama anakupenda, na naamini anakupenda.

Lakini na wewe nakugombeza. Ulipoiona video ile, moyo ukakuuma, ukaandika nini? "Sawa." Wewe uliyeweza kuniandikia mimi nisiyekujua ukurasa mzima, kaka yako umempa neno moja, tena la uongo! Anajua unaogopa watu. Kwamba unamkumbuka, nani amemwambia?

Usirekodi hata wimbo mmoja wa hizo nne. Leo, usingoje Jumamosi, mpigie simu. Nimesema piga, usiandike. Mwambie sauti yako haipandi jukwaani bila wewe. Kisha mwambie kuhusu ile ko, kwamba uliingoja na haikuja. Ukilia, lia, yeye asikilize. Huenda akakuita Alberta. Huenda akasema nafasi hiyo ameshampa Tanya, na utaumia sana, sikufichi. Hata hivyo utakuwa umetoka kabatini.

Mama yako mwambie kutetemeka si ugonjwa. Mimi mwenyewe nikishika maikrofoni pale jamatini Don Mills, tunakosali sisi Waismailia, magoti hugongana, na nina miaka sitini na nane.

Jambo la mwisho. Umeimba nusu ya kila wimbo maisha yako yote. Chagua mmoja wa zile santuri, jifunze sauti ya kwanza, wewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, ukihesabu mwenyewe. Jumapili baada ya misa mkalishe Babu Roque jikoni, umwombe akuimbie ya pili. Ni mzee, atasahau pa kuingia.

Mgonge kwa kiwiko.

Khairunissa