Nyota Iliyotaka Kuleta Ramadhani Mapema

Kindu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, na kila mtu anayeota moto jikoni kwako. Mguu umepona? Dereva wa pikipiki aliyeniletea asali aliniambia unatembea tena mpaka shambani, lakini huyo ni mtu wa kusema mazuri tu, kwa hiyo naomba dada yangu, Yaya Beatrisi, aniandikie ukweli. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi ya foto iko.

Uliuliza kama vita ya Kivu imefika hapa. Haijafika, Mama. Waliofika ni wakimbizi. Ndege zinapita juu, na watu wengi sasa wanaangalia mbingu kwa woga. Mimi bado naiangalia kwa furaha, na furaha hiyo nusura initie matatani. Nikueleze, najua utacheka.

Unakumbuka darubini niliyoachiwa na padri mzee alipokuwa anarudi kwao? Hapa wanaiita lunete. Nikifunga studio jioni, naisimamisha uani, nafunga telefone yangu kwenye kioo cha kuchungulia, nachukua video fupi ya sayari. Halafu kompyuta inachagua picha zisizotikisika na kuzipanga moja juu ya nyingine mpaka sura inatoka safi. Ndivyo nilivyopata Mshtarii na mikanda yake. Kazi haina faida, najua. Lakini wakati wa vita ile ya kwanza, tulipojificha porini na ukatukataza kuwasha moto, mimi sikuwa na kitu cha kuchezea isipokuwa nyota. Lawama ni yako.

Sasa, jioni ile Waislamu wa Kindu walikuwa wanatafuta mwezi wa Ramadhani. Upande wa machweo mawingu yalikuwa yamefunga chini kabisa. Juu yake iliwaka Zuhura, ile nyota kubwa ya magharibi. Siku hizi imesogea karibu nasi, na jua linaimulika kwa ubavu tu, kwa hiyo kwenye lunete haionekani duara. Inaonekana kama ukucha, mwezi mwandamo mtupu! Nikaipiga foto. Ilitoka nzuri mpaka nikapiga kelele peke yangu.

Mama Mwavita, mjane mwenye parsele, kiwanja chenye nyumba ninapopanga, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo, lakini tangu nilipofika ananilisha kama vile ndiye aliyenizaa.

"Onyesha," akasema. Akatazama. "Uyu njo mwezi, ndio wenyewe! Nitumie kwa telefone yangu."

"Mama, huo si..."

"Nitumie kwanza!"

Nikatuma, nikageuka kurekebisha lunete kabla mawingu hayajapanda. Niliposikia vigelegele, yeye alikuwa barabarani tayari, na foto iko kwenye grupu la wanawake wa muskiti. "Mwezi iko! Umeonekana!"

Mama, karte nzima, mtaa wote, iliamka. Watoto wakapiga ngoma za madebe, watu wakapiga simu kutoka Lokandu kuuliza kama ni kweli. Wengine wakasema hawakuona kitu, wakaanza kugombana na walioona foto. Halafu mwanaume mmoja akasimama mlangoni kwetu: "Uyu Mukristo anachezea dini yetu. Na ile lunete, nani anajua kama haionyeshi ndege njia?"

Siku hizi, maneno kama hayo yanaweza kumpoteza mtu. Lakini kilichoniuma zaidi ni Mama Mwavita. Nikinyamaza, watu watafunga kwa ajili ya nyota. Nikisema, mji mzima utamcheka.

Nikamwita ndani, nikamwambia kwamba ile ni Zuhura, si mwezi. Alikaa kwenye kibao, mwiko bado mkononi.

"Basi nimedanganya muskiti muzima?"

"Hukudanganya, mama. Kitu ulikiona kweli."

Akaweka mwiko chini. Kisha akaingia chumbani, akatoka amejifunika kitambaa chake cha sikukuu. "Beba lunete yako. Tunaenda kwa shehe." Na yeye akatangulia, akimpita yule mwanaume mlangoni bila kumpa hata salamu.

Uwanja wa shehe ulijaa watu. Sikupata hata kufungua mdomo. "Shehe," Mama Mwavita akasema, "njo mimi nilitangaza. Uyu mutoto hakusema kitu."

Shehe aliagiza nisimamishe lunete. Mawingu yalikuwa yanapanda, Zuhura imebaki juu yake kidogo tu. Nilipoipata, mzee akainama, akakaa hivyo muda.

"Subhanallah. Iko na pembe!"

Akainuka, akaitazama kwa macho matupu. "Na hivi naona nini? Nyota." Akawageukia watu. "Mama Mwavita aliona kweli. Alikosa jina tu. Kesho tunatafuta tena."

Watu wakacheka, lakini si kwa ubaya. Hata yule mwanaume aliomba kuangalia. Aliangalia mara mbili.

Kesho yake mbingu ilikuwa safi, tukasimama wengi kando ya mto. Mama Mwavita aliuona mwezi kabla ya wote. Nilijua, maana alinifinya mkono mpaka ukauma. Lakini alifunga mdomo kabisa, akangoja mwingine apige kelele.

Tangu hapo, watu wanakuja uani baada ya futari. Wanakuja hata wanawake waliokimbia kutoka Bukavu. Siku moja shehe naye alikuja, nikawaonyesha Mshtarii na miezi yake minne iliyojipanga mstari. Mama Mwavita aliangalia kuliko wote.

"Miezi ine?"

"Hiyo ni ile tunayoona, mama. Iko mingine."

Akawaza. "Na wale watu wa kule, Ramadhani wanafunga na mwezi gani?"

Shehe aliweka kikombe chini, akacheka mpaka machozi. Mpaka leo, kila jioni Mama Mwavita ananiuliza kama nimepata jibu.

Kwa hiyo usilie kwa ajili yangu, na usiniite nirudi bado. Niko mikononi mwa watu wema. Msalimie Yaya Beatrisi na mumewe, mjomba wetu mwindaji, na bibi mzaa baba, umwambie kwa sauti kubwa maana hasikii. Ndani nimeweka foto ya Mshtarii, uibandike pasipovuja.

Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao Faustini, nisiyefunga, lakini nakula futari kuliko wote.