Misumari ya Gesima

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Natumai presha imetulia na lile goti halikusumbui ukipanda ngazi za msikitini. Mimi niko hai. Ukiona mwandiko umepinda, ni kwamba naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevunjwa. Usilie kwanza, soma.

Kazi yangu huku Gesima unaijua. Serikali ina sera ya kutunza mandhari, yaani vilima, chemchemi na misitu ya mila, iwe urithi wa nchi nzima, nasi wa mradi tunapima na kuweka alama. Juu ya mashamba ya chai kuna kilima chenye mti wa miiba na maua mekundu, wanauita omotembe. Ndio mti wao wa kiapo. Mtu akisingiziwa wizi au mauaji hupelekwa pale, akapigilia chuma kwenye shina na kuapa. Akiwa mwongo, ukoo wake unakwisha. Kwa jambo jingine lolote, chuma hakiugusi; kikiugusa, kiapo huwaangukia wote wa kilima.

Sera yenyewe inasema wenyeji waulizwe kwanza. Bosi wetu aliisoma barazani mpaka jasho likamtoka, wazee wakampigia makofi. Kisha siku ya soko, kilima kitupu, akatupandisha na kibao: ENEO LA URITHI WA TAIFA. USIGUSE. Nikamwambia, "Bosi, mti huu una wenyewe. Kwetu kayani, msitu wa mizimu, mtu haingii hata na viatu, sembuse nyundo!"

"Mwanasha, una maneno mengi. Nyambane, piga."

Nyambane ni kibarua wetu, mtoto wa mwenye nyumba ninayopanga. Ameokoka, mila za kwao anaziita ushetani. Akapiga misumari minne huku anacheka.

Wiki haikuisha, mzee wa boma la jirani akaanguka akichuma chai, akafa. Akafuata mjukuu wake, kwa homa. Kilima kizima kikasema neno moja: kuna mtu ametuapia.

Watu wa kilima walikuja nyumbani kwa kina Nyambane mchana kweupe na mapanga, marungu na jerikeni la petroli. Gari la mradi walikuwa wameshalichoma, na bosi ameshatorokea Kisii mjini, mwoga mkubwa yule, Mungu anisamehe. Wakamtoa Nyambane nje, wakampasua kichwa kwa rungu, damu ikamfunika macho. Mmoja akammwagia petroli miguuni.

"Nani alipiga misumari? Sema!"

Nyambane akafuta damu machoni. Ndipo mama yake aliponishika, mama yule yule aliyenipikia uji wa wimbi nilipougua malaria, akanisukuma mbele yao.

"Ni huyu wa Pwani! Mimi niliona na macho yangu! Mtoto yangu hajui kitu!"

Sitakuficha, Mama. Rungu la kwanza lilinivunja mkono, mfupa niliusikia. La pili likaniangukia begani. Wakaniburuta mpaka kilimani, wakanitupia nyundo. "Ng'oa!" Nikang'oa kwa mkono mmoja, mateke yakiniingia mbavuni, huku nimeuma ulimi kwa maumivu. Kibao walikikatakata vipande. Msumari wa mwisho ulipotoka, wenye petroli wakaanza kusogea, ndipo polisi wakafika wakipiga risasi hewani.

Sasa nimelazwa hospitalini. Mama Nyambane huja kila siku na uji, hunilisha kwa kijiko, usoni haniangalii. Siku ya kwanza nilimtemea. Nilimchukia, wallahi, nikatamani na yeye aonje rungu. Halafu nikakuwaza wewe. Ingekuwa ni mimi niliyelowa petroli, ungemsukuma mtoto wa nani? Nikanywa.

Jana polisi walikuja na swali lile lile: nani alipiga misumari? Mama Nyambane alikuwa amekaa kando yangu na bakuli la uji. Hapa jina likiandikwa kituoni asubuhi, jioni kilima chote kinalijua, na petroli bado inauzwa. Nikawaambia ni mimi.

Msalimie bibi mzaa baba, shangazi yangu muuza mihogo, na wifi yangu mpya ambaye sijamtia machoni. Kaka Bakari, aliyetaka nirudi nyumbani Vanga, mwambie nitarudi mbavu zikiniruhusu kukaa kwenye basi.

Na wakija watu kukuuliza huko nani alipiga misumari, Mama, sema ni mwanao.

Ni mimi bintiyo,
Mwanasha